Mheshimiwa Adelina na Zamu ya Wanawake

Watu wa Don Mills, mtaa wa Toronto, wanaomjua Adelina humwita Mheshimiwa, na wakimwita hivyo hucheka kidogo. Yeye hachukii. Huitika "Naam" kama aliyeitwa kwa jina la ubatizo, kisha huendelea na aliyokuwa akiyasema, maana Adelina ni nadra kumkuta hana la kusema. Uheshimiwa wenyewe si wa kubuni. Kwa miaka kumi na tano alikuwa diwani wa Chama cha Kijani katika mji mmoja wa Ujerumani kando ya mto Rhine, mji wenye viwanda, kanisa kuu la minara miwili na, tangu Adelina aingie barazani, basi linalopita hospitali hadi usiku wa manane.

Basi hilo lina kisa chake. Adelina alitoka Bukoba akiwa muuguzi, akapata kazi katika hospitali ya mji ule, na kila zamu ya jioni ilipokwisha alikuta basi la mwisho limeshapita. Wauguzi walivuka daraja kwa miguu, baridi ikiwakata masikio. Siku moja wanaume wa chama cha wafanyakazi wakaenda kulalamika kwenye mkutano wa watu wa Kijani, wakamchukua na yeye, zaidi aonekane kuliko asikike. Sasa, Wajerumani wale wa Kijani wana desturi yao. Katika mikutano yao, akishasema mwanamume, anayefuata lazima awe mwanamke. Wanawake wenye la kusema wakiisha, mjadala unafungwa, isipokuwa wanawake wenyewe wakiruhusu uendelee. Basi yule bwana wa chama cha wafanyakazi alipomaliza, mwenyekiti akasema ni zamu ya mwanamke, na ukumbi mzima ukamgeukia Adelina. Kijerumani chake wakati ule kilikuwa cha kuwauliza wagonjwa kama wamemeza dawa. Akasimama hivyo hivyo. Akaeleza lile daraja, ule upepo, na miguu ya mtu aliyesimama kutwa nzima kuwahudumia wengine. Uchaguzi uliofuata jina lake lilikuwa miongoni mwa wagombea udiwani.

Tangu siku ile aliiamini desturi ya zamu karibu sawa na rozari. Angewezaje kutoiamini? Bila desturi ile angekaa kimya mpaka mkutano uishe, avuke daraja, arudi nyumbani kulala.

Siasa ilimpokea, naye akaipokea kwa mikono miwili. Alikwenda barazani kwa baiskeli, kitenge amekifunga kwa ustadi kisinaswe na mnyororo. Alipigania miti ya barabarani, maji ya mto, na kina mama wa usafi waliokuwa wakiondolewa kazini bila hata ahsante. Waliomwandikia matusi aliwajibu kwa heshima na kuwakaribisha chai, na wawili watatu walikwenda kweli wakanywa. Mwaka mmoja chama kikamsimamisha kugombea Bunge la Ulaya. Akazunguka miji, akapiga hodi, akapigwa na mvua. Mwaka huo kura za Kijani zikapungua, na waliopita wakaishia kwa mtu aliyekuwa mbele yake katika orodha ya chama. Akisimulia hapo hucheka sana. "Nilifika mlangoni," husema, "wakaondoa kiti." Kisha humimina chai. Iliuma, na inauma mpaka leo.

Alifika Toronto kwa ajili ya Lisa, mwanawe wa pekee. Lisa alikuja Kanada kusoma, akaolewa na Derek, kijana wa Kigoa, asili yao Goa ya India, ambaye mama yake, Dulcie, alikulia Upanga, Dar es Salaam. Mume wa Adelina alipofariki na muda wake wa udiwani ukaisha, Lisa alimpigia simu akamwambia, "Mama, njoo." Adelina akaja, akaingia katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, lakini nyumba yake ya kupanga kule Ujerumani hakuirudisha kwa mwenyewe. Alisema anaacha kwanza, mpaka majira ya kuchipua. Lisa hakupinga. Alimwomba tu aamue kabla ya Pasaka, kwa sababu wajukuu walianza kuuliza kama Bibi amekuja au amepita.

Na Adelina hakujua ajibu nini. Kuwapenda aliwapenda, tena sana, ila hakujua yeye ni nani hapa. Kule, akienda kununua mkate alirudi na malalamiko matatu ya wananchi. Hapa wajukuu aliwasemesha Kiswahili wakamjibu Kiingereza, wakambusu, wakaenda zao. Aliwahi kuandika kuhusu kituo cha basi kisicho na banda la kujikinga mvua, akajibiwa na mashine. Kazi ya ubibi ni nzuri, lakini haina kikao, na Adelina bila kikao ni samaki juu ya mchanga.

Ndipo ikaja habari ya bustani. Umoja, yaani chama cha watu wa Kiswahili, Watanzania Waislamu kwa Wakristo pamoja na Wagoa wa Dar na Nairobi, hukutana katika ukumbi wa kanisa moja pale Don Mills. Nyuma ya ukumbi kuna kiwanja kikubwa cha majani matupu. Kanisa likasema: kama mnakitaka mpande mboga, chukueni, ila mtujibu mapema, maana wako wengine wanaokitolea macho. Adelina aliposikia hakulala. Mchicha, matembele, maboga! Wazee wanaoshinda ndani ya maghorofa wakitazama ukuta wapate mahali pa kutoka. Na yeye apate watu wa kuwaongoza. Hilo la mwisho hakulisema, lakini ndilo lililomwamsha kila asubuhi. Moyoni aliweka nadhiri: wakiikubali bustani, nabaki, wakiikataa, hapa si kwangu.

Mwenyekiti wa Umoja ni Khalfan, mpakiaji wa mizigo ya ndege kule Malton, mtu mwema asiyeweza kusema jambo fupi. Alimwomba Adelina auongoze mkutano wa bustani, kwa kuwa yeye ndiye mzoefu. Adelina akakubali kwa sharti moja, akamweleza ile desturi ya zamu.

Khalfan akakuna kidevu. "Mheshimiwa, utaratibu mzuri huo. Lakini hapa si Ujerumani."

"Ndiyo maana nimeuleta, Mwenyekiti. Kule wanao tayari."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Adelina alikaa mbele, amevaa koti lake la barazani, akaeleza sheria kwa Kiswahili chepesi ambacho hakuna angeweza kusema hakukielewa. Wanaume wakaguna. Wanawake waliokuwapo wakasema sawa. Ila wanawake waliokuwapo walikuwa wachache mno: wawili wenye watoto wachanga, mmoja aliyekuwa akijibu ujumbe wa simu, na Bi Nurjehan, bibi mkongwe aliyekuja kupumzisha magoti. Wengine wote walikuwa jikoni, mlango wa pili, na harufu ya pilau ilikuwa inapita ukumbini kama mwanachama.

"Tunaanza na mwanamke," alisema Adelina.

Kimya. Kisha Bi Nurjehan akainua kidole. "Mimi nauliza tu, vyoo viko wapi?"

Akaonyeshwa, akaridhika, na hapo wanawake wakawa wameshasema. Ikaja zamu ya mwanamume, akasimama Khalfan. Akaeleza kwa kirefu kwamba bustani ni kazi, na watu wana shifti. Maji nani atabeba? Na wale wanyama wa hapa wenye mikia ya milia, wanaopindua mapipa ya taka kila siku, si wataona wamelimiwa? Ukumbi ukacheka. Adelina naye alicheka, kwa sababu alijua nani anafuata kwa upande wa wanaume. Januari, aliyekuwa bwana shamba Morogoro kabla ya kustaafu na kuwafuata watoto wake huku, alikuwa ameinua mkono tangu mwanzo, na majibu ya hoja zote za Khalfan alikuwa nayo kichwani.

"Zamu ya mwanamke," alisema Adelina.

Hakuna aliyejitokeza. Akarudia. Mtoto mmoja akalia, akanyamazishwa. Mkono wa Januari ulikuwa bado juu, na mingine mitano nyuma yake. Adelina akahisi koti linambana. Sheria aliijua, ameileta mwenyewe katika mkutano ule, na sheria ni msumeno.

"Kina mama," alisema polepole, "hakuna mwanamke mwenye hoja tena. Mnaruhusu mjadala uendelee?"

"Tufunge, mwanangu," alijibu Bi Nurjehan kwa huruma. "Watoto wana njaa."

Wale wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mwanasiasa mwingine angejifanya hakusikia. Angesema, ah, huyu mzee anatania, haya Januari, tuambie. Adelina alimtazama Januari, moyo ukimsihi, kisha akasema mjadala umefungwa, tupige kura. Wanaume walikuwa wameudhika, na mtu aliyenyimwa kusema hapigi kura ya ndiyo. Bustani ikakataliwa, na Khalfan akaagizwa alipelekee kanisa jibu.

Ndani ya gari Lisa, aliyekuja kumchukua, aliendesha bila redio. Walipofika karibu na nyumbani Adelina akasema, "Nimeamua. Narudi Ujerumani."

Lisa hakugeuka. "Sawa, Mama," alisema, na ile sawa haikuwa sawa hata kidogo. Alimfungulia mama yake mlango, akapanda chumbani kwake, na usiku ule hakushuka kula.

Kesho yake Dulcie akaja kutoka Richmond Hill, amebeba pilau lililobaki kwenye bakuli la plastiki. Aliondoka Dar akiwa msichana, akafanya kazi ya ofisini Toronto mpaka akastaafu, na Kiswahili chake ni kile kile cha Upanga ya zamani, kimechanganyika na Kiingereza cha kutosha. Hakuvua hata viatu vya baridi.

"Mkwe, what happened? Faudhia ananipigia simu, anasema shamba limekataliwa. Na nani?"

"Na mkutano."

"Mkutano gani?"

"Wa jana, Dulcie. Ukumbini. Wewe ulikuwa jikoni."

"But tulishaamua jikoni!" Dulcie akaliweka bakuli mezani kwa kishindo. "Wote tumekubali. Faudhia anapanda matembele, mimi kotmiri na pilipili, Naseem anataka bamia, sijui kama zitakubali hii baridi. Na wewe tumekuwekea kipande karibu na bomba, kwa sababu ya mgongo wako."

Adelina alimtazama bila kuelewa. "Sasa mbona hamkuja kusema?"

"Kusema wapi? Ukumbini?" Dulcie alishangaa kwelikweli. "My dear, ukumbini ni wanaume wanatoa pumzi. Siku zote wao wanasema, sisi tunafanya. Futari ya mwaka jana, nani alipanga? Msiba wa mwenzetu Errol, nani aliamua nani alale wapi, nani apike nini? Mwenyekiti? Alisimama akasema maneno mazuri, basi. Hatukujua kwamba safari hii kura ni ya kweli."

"Mngeniambia."

"Tulidhani unajua. Na wewe jikoni huji. Tangu ufike huji. Faudhia anasema labda kwa Mheshimiwa jikoni ni mahali pa chini."

Hilo lilimchoma Adelina kuliko kushindwa Ulaya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye kimya kile alikisikia kama hakina kitu ndani yake. Miaka yote alijivunia kwamba anawafungulia wanawake mlango, kumbe aliufungua mlango wa chumba alichokipenda yeye, akakaa kuwasubiri. Waliokuwa mlango wa pili hakuwaona. Na sababu ya kutoingia kule haikuwa majivuno. Ilikuwa aibu.

"Sijui kupika, Dulcie," alisema. "Wali wangu unaungua. Pilau langu, mbwa analitazama. Niliogopa mtanicheka."

Dulcie akamtazama, kisha akaangua kicheko mpaka akatafuta kiti. "Who asked you to cook? Kuna magunia ya viazi vya kumenya!"

Adelina akampigia Khalfan simu. Kwanza akamuuliza kama jibu limeshapelekwa kanisani. Khalfan alikuwa kazini, ndege zinanguruma nyuma yake, akasema bado, atapita Jumapili. Adelina akamwomba aitishe mkutano mwingine kabla ya hapo.

"Wapi, Mheshimiwa? Jumamosi ukumbi una arusi."

"Jikoni. Wapishi wa arusi si ndio wanachama? Katiba ya Umoja inataka watu, haikutaja kuta."

Khalfan akacheka mpaka mwenzake kazini akamuuliza kuna nini. Lakini alikuwa mtu wa haki, na ukweli ni kwamba ile kura ya hasira haikumpa raha hata yeye. Akakubali.

Jumamosi Adelina akaingia jikoni na kisu chake mwenyewe. Koti la barazani alilikuta Lisa limetundikwa mlangoni alipofika na vyombo vya arusi. Adelina alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, rundo la viazi mbele yake, akimenya vibaya, maganda mazito kama soli ya kiatu. Wanaume walijazana mlangoni na korido nzima. Uongozi wa kikao Adelina alimpa Faudhia, mwanamke wa Tanga mwenye sauti ya kutosha viwanja viwili, aliyekuwa anakoroga sufuria kwa mwiko mrefu kuliko mkono wake.

"Sheria ile ile ya Mheshimiwa," alitangaza Faudhia. "Mwanamke, mwanamume, mwanamke. Haya, Dulcie."

Safari hii wanawake hawakuisha. Dulcie akasema juu ya kotmiri. Mwanamume mmoja akauliza juu ya maji. Naseem akajibu kwamba bomba liko ukutani, na yeye mwenyewe ameshalifungua akalijaribu. Akauliza mwingine juu ya wale wanyama, mwanamke akajibu kwamba huweka waya kwenye kibaraza chake na hawapiti. Kila neno la mwanamume lilifuatwa na mwanamke aliyekuwa amelingoja. Hatimaye wanaume wakachoka kusimama, sauti ikatoka kwenye korido: tufunge mjadala, tumeelewa!

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Faudhia bila kugeuka. "Wanaofunga ni wanawake, na wanawake hawajashiba." Kisha akaelekeza mwiko kwenye ndoo. "Mama Lisa, wewe hujasema neno leo. Zamu yako."

Adelina akasimama na kiazi mkononi. Alikuwa na hotuba, mtu kama yeye hakosi hotuba, yenye takwimu na mfano wa Ujerumani. Akaitafuta, akaiacha.

"Nataka bustani," alisema. "Lakini niseme kweli. Niliitaka ili nipate kazi. Nimezoea kuhitajiwa na mji mzima. Hapa nimekuwa mama wa mtu na bibi wa watu, nikaona haitoshi, nikaona ni kama nimestaafu duniani. Mkutano uliponishinda nikamwambia mwanangu narudi Ujerumani. Sitaki kurudi. Nilisema kwa aibu. Basi. Zamu ya mwanamume."

Ikawa ya Khalfan. Kwa mara ya kwanza watu walimsikia akisema fupi. Alisema yeye bustani ameikubali, na kanisani Jumapili atakwenda na jibu jipya. Wote wakaikubali kwa vigelegele, na Faudhia akataka kugonga sufuria kufunga.

"Bado," alisema mtu. Alikuwa Lisa, amesimama kando ya friji, mkono juu kama mwanafunzi. Kiswahili chake ni cha nyumbani, hakijawahi kuhutubia, na mashavu yalikuwa yamemwiva.

"Mimi nimekulia kwenye korido ya baraza," alisema. "Nilifanya homework pale, kwenye benchi, nikimsubiri Mama. Kila mtu mjini alikuwa na shida, na Mama aliwasikiliza wote. Sikukasirika. Nilijivunia. Lakini walikuwa wengi, na mimi nilikuwa wa mwisho." Akageuka akamtazama mama yake. "Mama, sikukuita uje kulea watoto. Watoto wana daycare. Nilikuita kwa sababu nilidhani sasa, labda, ni zamu yangu."

Kiazi kikamtoka Adelina mkononi, kikaviringika mpaka miguuni kwa Dulcie, na Dulcie hakukiokota. Adelina akainua mkono wake juu, juu kabisa, kama alivyouinua barazani miaka yote ile, midomo ikiwa imeshafunguka.

"Subiri, Mama Lisa," alisema Faudhia, na safari hii kwa sauti ya chini. "Inayofuata ni ya mwanamume. Januari."

Januari akasafisha koo, akaanza kueleza udongo wa Don Mills, kwamba ni mfinyanzi, unataka mbolea na subira. Adelina akaushusha mkono. Akapita kati ya masufuria mpaka kwenye friji, akaushika mkono wa mwanawe kwa mkono wake uliolowa maji ya viazi, akasimama naye pale. Januari alisema kwa muda mrefu, na Adelina hakusikia hata neno moja.